Mama Anauliza Habari za Eliya

10 Machi

Mwanangu,

Barua yako na picha vimefika salama. Namshukuru Mungu mkeo amejifungua bila matatizo. Mwambie asinyanyue ndoo, wala asione haya kulala mchana. Wengi niliowazalisha waliumizwa na aibu ya kulala kuliko uchungu wenyewe. Kitovu msikipake kitu. Kiacheni kikauke chenyewe.

Siwezi kuja kwa sasa. Goti linanisumbua, na fundi wa paa ameezua upande mmoja kisha akatokomea.

Nina swali, na wewe ndiye wa kuulizwa maana ndiyo kazi yako hapo chuoni, kuwafundisha wachungaji. Katika kikundi chetu cha kusoma Neno kuna yule Fundi Saa mwenye kibanda karibu na posta. Juzi alisema Biblia inakubali kwamba mtu anaweza kufa kisha akazaliwa tena, akawa mtoto wa watu wengine, au hata wa watu walewale. Alisema Eliya alirudi akiwa Yohana Mbatizaji, na Yesu mwenyewe alilitamka. Watu walicheka, yeye hakucheka. Alitufungulia mahali penyewe, na kweli ni kama pameandikwa hivyo.

Siulizi habari za kuokoka. Kuzaliwa mara ya pili kwa mahubiri nakujua. Naulizia kuzaliwa kwa kitovu na kondo la nyuma. Je, aliyekufa anaweza kurudi kwa njia hiyo? Nijibu kama unavyomjibu mwanafunzi, usinijibu kama mama yako.

Na jingine. Nani alitoa wazo la kumpa mtoto jina la baba yako? Kwenye picha naona sikio. Ni la kushoto au la kulia? Picha nyingine hugeuza.

Msalimu mkeo.

Mama yako


24 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako niliisomea mlangoni mwa ofisi nikacheka peke yangu mpaka katibu muhtasi akachungulia. Kondo la nyuma ndani ya swali la theolojia! Wanafunzi wangu wangeuliza hivyo, nisingesinzia darasani.

Fundi Saa hakubuni. Mahali papo ambapo Yesu anawaambia watu kwamba, kama wako tayari kulipokea, Yohana ndiye yule Eliya waliyekuwa wakimngojea. Yupo pia yule kipofu wa tangu kuzaliwa. Wanafunzi wa Yesu wanauliza kama dhambi ni yake au ya wazazi wake, na mtu anaweza kujiuliza: angetenda dhambi lini, kabla hajazaliwa? Walimu wengi wa kanisa hawapasomi hivyo, nami darasani siwafundishi hivyo.

Lakini wewe si mwanafunzi, hata ukitaka kuwa. Najua nyumba imekuwa kimya tangu Mzee aondoke. Kwa hiyo nakuambia hivi: yapo mambo ambayo Maandiko hayakuyafungia mlango kwa kufuli. Mungu anaweza kuliko tunavyofundisha. Kama moyo wako umepata faraja hapo, mimi mwanao sitakuwa mtu wa kukunyang'anya.

Sikio ni la kushoto! Juu kabisa, ule mkunjo wake, kama ukurasa uliokunjwa pembe. Jina nilitoa mimi, hata kabla sijaliona sikio. Nilipoliona nilipiga kelele wodini, muuguzi akanitoa nje. Na anavyokunja uso, utadhani Mzee yuko kazini anakagua mizani ya muuza nyama. Hapa hakuna anayemwita kwa jina, wote wanamwita Mzee. Mama mkwe wangu kila asubuhi anamwinamia na kumwuliza, "Mzee, umerudi lini?"

Basi njoo, Mama. Mumeo anakusubiri, na sasa hana hata meno ya kulalamikia chakula. Ubatizo ni katikati ya mwezi wa tano. Nitamtuma mtu aje akuchukue.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Nimepokea. Umesema hakuna kufuli. Nimeelewa.

Kwenye ubatizo sitafika. Usimtume mtu.

Picha nairudisha. Ule upande ambao paa halijaisha una unyevu, itaharibika.

Mtoto akipata homa katika miezi hii ya mwanzo msingoje. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mama yako


9 Aprili

Dada,

Habari za kazi na za macho ya watu? Nakuandikia kwa sababu uko karibu na Mama, na mimi nimeshindwa kumwelewa.

Nilimwalika kwenye ubatizo. Amekataa kwa barua ambayo ningeweza kuisoma yote kabla ya kumaliza kufunua bahasha. Picha ya mtoto ameirudisha, anasema ni unyevu. Unyevu! Mama ana kabati la bati ambalo hata mafuriko hayaliingii.

Mke wangu alichukua picha akaiweka kwenye droo. Lakini siku ya pili yake aliniuliza, "Mama yako amepokea nusu ya watoto wa mji ule. Wa kwangu ana nini?"

Je, anaumwa? Akili yake iko sawa? Mwanzoni alinitumia swali la ajabu kuhusu watu kufa na kuzaliwa tena. Nilijua ni upweke, nikamjibu kwa upole. Nilidhani nimemfariji. Au ana neno na mke wangu? Niambie tu, usinizunguke.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika saa ya chakula, juu ya benchi la kusagia lenzi, kwa hiyo ukiona vumbi jeupe kwenye karatasi usitafute maana yake.

Mama haumwi, na akili yake ni timamu kuliko yangu na yako. Na wifi yangu hana kosa lolote, umwambie hivyo leo.

Wiki iliyopita nilimkuta Mama na seremala. Alikuwa anawekewa komeo kwenye mlango wa chumba cha kulala, kwa ndani. Nikamwuliza, "Unamfungia nani, Mama, na unakaa peke yako?" Akasema, "Sijui bado." Seremala alipoondoka akanipa barua yako nisome. Ni barua nzuri. Ungemwandikia mjane mwingine yeyote ingemfaa.

Umeisoma kinyume. Ulidhani Mama anatumaini. Mama anaogopa.

Ulipoanza kupata akili ulipelekwa shule ya bweni. Uliporudi likizo, Mzee wa likizo ulikuwa naye wewe: vichekesho, mizani ndogo ya shaba mezani, wewe unapima karanga na yeye anapiga makofi. Huyo alikuwepo kweli, sitakuambia ulimuota. Ila ulipopanda basi kurudi shule, alikuwa anarudi yule mwingine.

Vidole viwili vya Mama visivyokunjika, unajua kisa chake kama unavyokijua: droo ya kabati la wodini. Ulikuwa mlango wa jikoni. Mkono wa Mama ulikuwa kwenye fremu. Mzee aliusukuma mlango akauegemea kwa mgongo, akaendelea kuongea habari za mfanyabiashara mmoja wa sokoni, taratibu, mpaka akamaliza habari yake. Ndipo akasogea. Mama alifunga kitambaa akaenda zamu, akazalisha mtoto aliyetanguliza makalio. Mimi nilifuta mlango. Hicho ni kimoja. Vingine sitaviandika, saa ya chakula haitoshi.

Sasa sikiliza hili, ndilo lenyewe. Mwisho wake hospitalini, wewe ukiwa njiani unakuja, nilikuwa nabadilisha maji ya kumfutia. Mama alikuwa anamkata kucha. Mzee akamshika mkono, si kwa nguvu, nguvu hakuwa nazo, akamwambia kwa sauti ileile ya kuagiza chai: "Usidhani umepumzika. Mimi nitarudi." Mama akasema, "Sawa." Akamalizia kucha za mkono wa pili. Kesho yake mchana Mzee akafa. Ulipofika ulimkuta Mama amekaa, mikono mapajani, ukaninong'oneza, "Anavyompenda, hata kulia hawezi."

Sasa kaa mahali pake. Mtu amesema atarudi. Anazaliwa mtoto mwenye sikio lake. Anapewa jina lake. Anaitwa Mzee, na kila asubuhi anaulizwa amerudi lini. Fundi Saa anasema Biblia inakubali. Mama anamwandikia mtu mmoja tu anayemzidi Fundi Saa kwa kuijua Biblia, anamwomba amjibu kama mwanafunzi, na mtu huyo anamwambia hakuna kufuli, halafu anamwambia mumeo anakusubiri.

Sikuandikii ili nikuharibie baba. Mama alikuuliza swali la kweli, basi mjibu.

Dada yako


21 Aprili

Dada,

Nimejaribu kuikasirikia barua yako, nimeshindwa.

Nilimsimulia mke wangu. Akasema, "Ndiyo maana Mama alikuwa hakai mpaka Mzee amalize kula." Mara mbili tu alizokuja pale kabla ya harusi, aliliona. Mimi nilikuwa naona mama mchapakazi.

Mama nitamwandikia. Sijui nianzie wapi, lakini nitamwandikia.

Mimi nilimpenda, Dada. Alinifundisha kunyoa ndevu. Alinifundisha kusoma mizani na kutomwamini mtu anayeweka kidole kwenye sahani. Nifanye nini na hilo?

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa nalo. Hata mimi zipo siku nilizompenda. Hakuna aliyekuambia uache. Ila usimtwishe Mama.

Dada


28 Aprili

Mama, shikamoo.

Dada ameniandikia. Sitagusa aliyoniambia, kwa kuwa hukuniomba niyaguse. Siku ukitaka, nitakuwepo. Leo najibu swali lako, kama ulivyotaka lijibiwe.

Jibu ni hapana. Maandiko hayafundishi kwamba aliyekufa huzaliwa tena kwa mwanamke mwingine.

Anza na Eliya, maana ndiye nguzo ya Fundi Saa. Eliya hakufa. Alichukuliwa akiwa hai, kwa hiyo hata angerudi asingekuwa mfano wa wafu. Kisha angalia alichosema malaika kabla Yohana hajazaliwa: kwamba mtoto atakwenda kwa roho na nguvu ya Eliya. Maneno ya namna hiyo yalikuwa yametumika zamani kwa Elisha. Elisha aliomba sehemu ya roho ya Eliya huku Eliya mwenyewe amesimama mbele yake, na alipoipata watu wakasema roho ya Eliya inakaa juu yake. Hakuna aliyesema Elisha ndiye Eliya. Walimaanisha kazi ile imepata mtu wa kuiendeleza. Tena Yohana aliulizwa waziwazi kama yeye ni Eliya, akasema siye. Na baada ya Yohana kukatwa kichwa, wanafunzi walimwona Eliya mlimani, na waliyemwona alikuwa Eliya. Hakuwa Yohana.

Habari ya kipofu: lile ni swali la wanafunzi, silo fundisho. Yesu hakuchagua upande. Aliyakataa yote mawili, dhambi yake na ya wazazi wake, akamponya.

Halafu kuna Nikodemo, ambaye nadhani wewe ungemwelewa kuliko mimi. Aliuliza swali lako, la kitovu hasa: mtu mzima ataingiaje tena tumboni mwa mama yake? Akaambiwa siko kuzaliwa kunakozungumzwa. Na waraka kwa Waebrania unasema mtu amewekewa kufa mara moja, kisha hukumu. Nimeangalia neno lile kwa Kigiriki tena jana, ingawa nalijua, kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza. Ni mara moja. Halina maana nyingine pale.

Nisikufiche upande mwingine. Watu walikuwepo waliowaza hivyo hata wakati ule. Herode alidhani Yesu ni Yohana amefufuka. Wengine walimdhania kuwa nabii wa kale. Wanasimuliwa kama watu waliokosea. Na nisidai kwamba najua kila kitu kinachotokea baada ya kaburi. Najua kilichoandikwa, na ulichouliza hakikuandikwa.

Barua yangu ya kwanza niliilegeza kwa sababu nilidhani najua unachotaka kusikia. Mwanafunzi akinifanyia hivyo kwenye mtihani namkata alama.

Tumeacha kumwita mtoto Mzee. Mama mkwe wangu amenuna kidogo, itapita. Jina la kwenye cheti linaweza kubadilishwa, sema neno tu. Ubatizo tumeusogeza mbele, hatujapanga siku. Usije mpaka utakapotaka, na usipotaka kabisa, hakuna atakayekuuliza.

Mwanao


8 Mei

Mwanangu,

Hili sasa ni jibu. Nimelisoma mara kadhaa, na Biblia pembeni, nikifuata kila mahali. La Elisha sikuwa nimelifikiria. Nilimpelekea Fundi Saa, akakuna kichwa, akasema atanitafutia jibu. Mpaka leo akiniona anainamia saa za watu.

Lakini nikuambie kweli. Siku barua yako inafika nilikuwa nimeshaanza kufunga mzigo.

Nilikuwa naosha vyombo nikajiuliza: haya, tuseme Fundi Saa ana haki. Tuseme ni yeye. Sasa anaweza nini? Hawezi kukaa. Hawezi kujifuta pua. Akilia, ni mpaka mtu aamue kumnyanyua. Basi hata kama ni yeye, mkubwa ni mimi. Nilicheka, sahani ikaniponyoka. Jirani akauliza kupitia ukutani, "Kuna nini, Mama?" Nikamwambia hakuna kitu, nimevunja sahani. Nilikuwa sijacheka hivyo ndani ya nyumba hii, sikumbuki tangu lini.

Uliloandika kuhusu Dada yako na aliyokuambia, nimeliona. Alikuwa baba yako. Mweke unavyomjua. Mimi nina wangu.

Jina msibadili. Jina halikunifanya kitu.

Nakuja Alhamisi. Sitaki kuchukuliwa, basi nalijua. Mkeo asipike chochote cha ajabu.

Mama yako


20 Mei

Binti yangu,

Nakuandikia kutoka kwa mdogo wako. Nilifika Alhamisi mchana. Goti lilivumilia.

Mkwe wangu alinipokea begi mlangoni. Akaniuliza, "Mama, utampokea, au nimlaze kitandani?" Hakuuliza kwa uchungu, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikamwambia amlaze. Nilinawa, nikamvua nguo zote mtoto, nikamkagua kama ninavyowakagua wote. Mapaja, nyonga, utosi, mdomo ndani. Ni mtoto mzima kabisa, ana uzito mzuri, kinena kimechubuka kidogo kwa joto la nepi, nimewaonyesha la kufanya. Sikio ni sikio. Baba yenu alikuwa nalo na baba yake alikuwa nalo. Na wewe ulizaliwa nalo, lilinyooka kabla hujajua kukaa. Hakuna aliyesema umerudi kutoka popote.

Kisha nikawaomba wanipishe. Nilivuta kiti nikamwinamia. Tulipokuwa wachumba, baba yako nilikuwa namwita kwa jina fulani ambalo hakuna mtu mwingine analijua, na sitalikuandikia. Nilimwita hilo. Hakufanya kitu. Nikamwita tena, kwa nguvu kidogo. Alikuwa anatazama mwanga wa dirisha ukutani, unavyocheza pazia likipepea.

Ndipo nikamgusa shavu, akanigeuzia macho. Wewe unajua jinsi baba yako alivyokuwa ananitazama ninapoingia chumbani. Ulikuwa unanitazama mimi nikitazamwa. Mtu anayekujua ana namna ya kukutazama, hawezi kuificha hata akitaka. Huyu hanijui. Alianza kwenye paji la uso akashuka puani, akaja mdomoni, akarudi juu, kama mtu aliyepewa kitu kipya na hajui kinashikwa wapi. Nilikaa hapo nikingoja anijue. Niliona mwanga unahama ukutani. Hakunijua hata kidogo.

Nililia. Nakuambia mwenyewe kabla mdogo wako hajaongeza chumvi. Mlango ulifunguliwa kidogo, ukafungwa taratibu. Nadhani ni mkwe wangu, ana akili yule binti. Mtoto naye akaanza kulia, kwa njaa, ni saa yake ilikuwa imefika. Nikamnyanyua nikampeleka kwa mama yake.

Mdogo wako alikuwa amesimama kwenye ukumbi na kitabu mkononi, hasomi. Akaniuliza, "Kwa hiyo, Mama?" Nikamwambia, "Kwa hiyo nini? Mtoto ana njaa." Baadaye tulikaa uani tukamenya viazi pamoja. Aliniuliza jambo moja kuhusu vidole, nikamjibu. Hakuuliza la pili.

Ubatizo ni Jumapili ijayo. Wananitaka nimshike mimi, nimekubali. Nitakaa mpaka apate chanjo inayofuata. Nitumie viatu vyangu vyeusi vya bapa, hivi nilivyovaa vinaniuma. Yule wa paa akijitokeza, umsimamie amalize.

Asubuhi hii nilipoingia chumbani aligeuza kichwa akatabasamu, miguu yote miwili ikarushwa hewani. Mkwe wangu akasema, "Ona, anamjua bibi yake!" Ndiyo, ananijua. Ananijua tangu Alhamisi.

Mama yako